Shibiri Mbili

Mwezi uliopita nilikwenda Nyakanazi kununua pikapu. Usinicheke, rafiki yangu. Najua umri wangu, na najua nilivyokuwa nikiwasema watu wanaonunua magari uzeeni. Lakini nina shamba la mihogo na mananasi kule Nemba, na nimechoka kubembeleza magari ya watu. Mwanangu, ambaye ana jibu la kila kitu, alishanitafutia dalali, na dalali alishatuwekea magari mawili nyuma ya kituo cha mafuta, yameoshwa yakang'aa kama yanakwenda harusini.

Moja lilikuwa na kabini ndogo, ya watu wawili, watatu wakibanana, na bodi ndefu nyuma. La pili lilikuwa lile wanaloita dabo kebini, milango minne na viti vya nyuma vya kukalia wageni, lakini bodi yake fupi. Mwanangu hakuuliza hata mara moja. Alifungua mlango wa hilo la milango minne, akakaa nyuma, akanyoosha miguu, akasema, "Mama, hili ndilo gari la mtu mzima. Wajukuu watakaa wapi kwenye lile jingine?"

Mimi nilikuwa nimezunguka nyuma. Nilikuwa nimeinama juu ya bodi, napima kwa shibiri, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, navuta mkono, naanza tena. Dalali akaja na heshima zake zote, "Shikamoo mama, vipimo vipo kwenye karatasi." Nikamwitikia marahaba, nikaendelea kupima. Nilipofika kwenye mlango wa nyuma nikapotea hesabu, nikaanza upya, na mwanangu alipouliza nina nini, nikasingizia jua.

Haikuwa jua. Ni jambo nililolificha tangu nikiwa na miaka kumi, nimelificha kwa mume wangu mpaka akafa, kwa padri kwenye kitubio, kwa watoto. Nina aibu nalo mpaka leo, aibu ile ya kuamka asubuhi ukakuta imeamka kabla yako. Nakuambia wewe kwa sababu wewe hukuwahi kumfahamu bibi yangu, kwa hiyo huwezi kunitazama kwa macho yake.

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa tulitolewa vilimani, tulikokuwa tumetawanyika kila mtu na migomba yake, tukapangwa kando ya barabara upande wa Nyarubungo, nyumba mstari mmoja, milango yote ikitazama upande mmoja. Wazee walinung'unika kwamba sasa jirani anajua hata umekula nini. Sisi watoto tulipenda. Asubuhi iligongwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini mbele ya ofisi, na watu wazima wakatoka na majembe kwenda shamba la kijiji, wanawake wakiimba, wanaume wakijikokota. Baada ya shule tulimenya viazi vitamu vilivyochemshwa, tukavikata, tukavianika juu ya mawe vikawa matobolwa, na kazi ya kufukuza mbuzi ilikuwa kazi ya kula, maana kila mbuzi mmoja uliyemfukuza ulistahili tobolwa mbili. Jioni kijiji kizima kilinuka moshi wa kuni mbichi na maharage yanayotokota. Nikisikia harufu ile sasa, ambayo ni nadra, nasimama popote nilipo.

Baba yangu alikuwa katibu wa kijiji. Alikuwa mtu wa karatasi. Alipenda kalamu yake, mhuri wake na miwani yake, na aliamini chochote kilichopimwa au kuandikwa. Mama yake, ndiye bibi yangu, hakujua kusoma, lakini yeye ndiye aliyetunza ingobyi, na kwa hiyo kijiji kilimheshimu kuliko katibu, na pengine kuliko mwenyekiti.

Ingobyi ni machela yetu ya kubebea wagonjwa. Husukwa kwa fito na kamba, ndefu kiasi cha mtu mzima kulala amenyooka, na hubebwa mabegani na wanaume wanne wanaopokezana njiani. Kaya zote za upande wetu zilikuwa na zamu zake. Mtu akiugua, ilipigwa yowe, waliokuwa zamu wakaacha jembe palepale, wakaja. Anayeitunza ndiye aliyeamua nani abebwe, njia ipi ipitwe, na nani afunge mgonjwa asidondoke. Bibi aliifunga juu ya dari la jiko ili moshi uzuie wadudu. Na alikuwa na mwiko mmoja ambao hata baba na karatasi zake hakuthubutu kuuvunja. Ingobyi haishushwi pasipo mgonjwa. Ukiishusha bure unaita mgonjwa aje aijaze. Hata ilipotoka hospitali, waliweka ndani yake mkungu wa ndizi au gogo, ili isirudi tupu. Sijui kama vijiji vingine walifanya hivyo. Kwetu ilikuwa hivyo.

Kisha kijiji kikapata kibali cha kununua pikapu. Tulikuwa tumevuna vizuri karanga na pamba za shamba la kijiji, na pale Biharamulo mjini kulikuwa na pikapu mbili zilizotumika, zinaachiwa vijiji viwili. Kwa kuwa sisi tulitangulia, tungechagua sisi kwanza. Habari zilisema moja ina kabini ndogo na bodi ndefu, na nyingine ina kabini kubwa ya viti vya safu mbili na bodi fupi.

Ungekisikia kijiji chetu wiki ile. Watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli walibishana juu ya kabini kama madereva wa miaka thelathini. Mwenyekiti alitaka kabini kubwa, akasema viongozi hawawezi kwenda kwenye mikutano ya wilaya wamekaa juu ya magunia, wafike wamejaa vumbi wadharauliwe. Wanawake walitaka bodi ndefu, nao hawakuzungumzia magunia. Walizungumzia hospitali ya misheni, ambayo ilikuwa mbali, na mteremko wa mtoni, na mimba zao. Mkutano ulirefuka mpaka kuku wakaingia ndani. Mwishowe waliafikiana hivi: ikiwa ingobyi inaingia kwenye bodi fupi na mlango wa nyuma ukafungwa, wachukue kabini kubwa, kila mtu apate chake. Ikiwa haiingii, wachukue bodi ndefu, na mwenyekiti ajifunge kanga ya vumbi.

Lakini ingobyi isingeshushwa ikapelekwa mjini kupimwa, kwa mwiko niliokueleza. Kwa hiyo bibi alipanda juu ya kinu akaipima huko huko darini, kwa kamba ya katani. Aliloweka kamba kwanza, akafunga fundo penye kipimo, akalikaza kwa meno, kisha akalipaka nta ya nyuki lisilegee. Alifanya hivyo kwenye mafundo yake yote, ya mbuzi, ya mizigo, ya ingobyi yenyewe. Vitu vya bibi vilinuka asali.

Baba alikuwa anakwenda mjini, nami nilikuwa nakwenda naye kupimiwa sare ya shule kwa shangazi, aliyekuwa na cherehani. Bibi hakumpa baba kamba. Alisema baba atafungia mafaili. Alinifungia mimi kiunoni, chini ya gauni, akasema, "Wewe ndiye mkono wangu. Usimpe mtu mpaka siku ya kupima." Alizoea kuniita hivyo, mkono wangu, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa na mimi ndiye niliyemfungia vitenge, niliyemtungia uzi kwenye sindano, niliyemchotea chumvi. Hakuna jina nililolipenda kama lile.

Tulifika mjini mchana kwa lori la pamba. Pikapu zilikuwa zimeegeshwa kwenye uwanja wenye ua wa senyenge, na baba alipoingia ofisini kuamkiana na wakubwa, nikabaki nazo. Ile yenye kabini kubwa ilikuwa na rangi ya bluu, mpaka viti vyake. Mlango wake wa nyuma haukufungwa. Niliingia, nikakaa.

Sasa nielewe. Sikuwahi kukaa kwenye kiti cha gari. Nilikuwa nimepanda malori, juu ya magunia, nikila vumbi. Kulikuwa na binti mmoja darasani kwetu, mtoto wa mganga wa zahanati, ambaye aliwahi kupita kijijini kwenye gari lenye viti, uso wake ukiwa ndani ya kioo, na alitupungia mkono kidogo tu, vidole vinne, kama askofu. Nilimchukia mwaka mzima. Pale kwenye kiti cha bluu, chenye harufu ya plastiki iliyopata jua, nilijipungia mwenyewe kwenye kioo kwa vidole vinne. Nikajua kwamba ikichukuliwa ile nyingine, katika kabini watakaa dereva, mwenyekiti na baba, na mimi nitarudi kwenye magunia maisha yangu yote.

Nikashuka, nikafungua kamba kiunoni, nikaipima kwenye bodi fupi. Fundo la bibi lilipita nje ya mlango wa nyuma. Nilipima kilichozidi kwa mkono wangu. Kilikuwa shibiri mbili. Shibiri mbili za mtoto wa miaka kumi, si kitu kirefu, hata wewe ukiziona ungesema si neno.

Kesho yake asubuhi, bafuni kwa shangazi, nilihangaika na fundo lile mpaka ulimi ukatoka damu. Nta ilinijaa kwenye meno. Likafunguka. Nikafunga langu, shibiri mbili na kidogo nyuma yake, na ncha iliyobaki nikaikata kwa wembe wa shangazi nikaitupa chooni. Sikulia, wala moyo haukunidunda. Natamani ningekuambia kwamba niliogopa. Niliimba.

Siku ya kupima, dereva alishika kamba kwenye ukuta wa kabini, baba akaivuta mpaka nyuma, mlango ukafungwa, fundo likakaa ndani kabisa. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Nimewahi kujiuliza kama hakuona. Yeye mwenyewe, akilala kwenye bodi ile, miguu ingetoka nje. Lakini kamba ilikuwa imepimwa, na imepimwa na mama yake, na baba naye, ingawa hakusema mkutanoni, alitamani kiti. Alisema, "Mama hakosei," akatia sahihi.

Nilirudi kijijini nimekaa dirishani. Watu walijipanga kando ya barabara, wanawake wakapiga vigelegele, rimu ikagongwa ingawa haikuwa saa ya kazi. Niliwapungia vidole vinne. Bibi alikuwa amesimama mlangoni pake na mkono juu ya macho, akicheka kwa sababu aliniona mimi, si gari. Aliniuliza kamba. Nikamwambia ipo kwa baba, na ni kweli, baba aliitundika ofisini kwenye msumari, juu ya meza, kama cheti.

Gari lile lilifanya kazi njema, sitalisingizia. Lilipeleka karanga mnadani, lilileta chumvi na sabuni zilipopatikana, lilimfikisha mwenyekiti mikutanoni bila vumbi. Wagonjwa waliougua kwa kiasi walikaa kwenye viti vya nyuma na kushukuru. Ingobyi ikabaki darini, haikuhitajika mwaka mzima, na hakuna aliyeishusha kujaribu, maana nani angetaka kuita ugonjwa? Nikasahau. Nikwambie ukweli, nilisahau kabisa.

Halafu vikaja vita. Kijijini kwetu hatukusikia mizinga, tulisikia redio. Vijana waliosomea mgambo waliondoka kwa malori wakiimba, miongoni mwao mume wa jirani yetu wa ukuta wa pili. Mafuta ya gari yakawa ya kupimwa kwa kikombe, baba akayaweka chini ya kufuli kwa ajili ya wagonjwa tu. Pikapu ile ndefu, iliyokwenda kijiji cha jirani, ilichukuliwa kubeba vyakula vya wanajeshi na haikurudi. Watu wakasema, mnaona, tungechukua ndefu nasi tungenyang'anywa. Nilipokua mkubwa nililishika neno hilo kwa mikono miwili, nikajiambia kwamba hata bila mimi mambo yangekuwa yaleyale. Huenda. Lakini mimi sikuligeuza fundo kwa sababu ya vita.

Yule mama jirani alikuwa mdogo, bibi harusi wa juzi tu, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa na kicheko cha kupasuka ghafla kilichowatisha kuku. Mumewe alipoondoka alikuwa akiniita jioni nimsindikize kisimani, na njiani alinipa karanga alizokaanga kwa chumvi, za moto, akizitoa kwenye pindo la kanga. Aliniuliza mtoto tumwite nani. Nilimpa majina mengi. Yote aliyacheka.

Uchungu ulimshika siku ya mvua, ukakaa siku ya kwanza, ukaingia ya pili. Asubuhi ile bibi alitoka ndani kwa yule mama uso umebadilika, akasema ingobyi ishushwe. Ilishushwa kwa mara ya kwanza tangu gari lije. Walimlaza, bibi akamfunga kwa mikono yake iliyokakamaa, nami nikamsaidia kukaza. Wazee wawili na wanawake wakamwinua, wakamleta kwenye gari.

Ikagonga ukuta wa kabini, ikakataa. Wakaigeuza, ikakataa. Dereva akasema waisukume kidogo. Hapakuwa na kidogo. Mlango wa nyuma haukufungika, na ingobyi ilichomoza nje, na kile kilichochomoza nilikitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Zilikuwa shibiri mbili.

Walifunga kwa kamba, mlango ukiwa wazi, wakaondoka polepole, sisi tukifuata kwa miguu. Kwenye mteremko wa mtoni mgonjwa alitulia. Kwenye kupanda ng'ambo, tope likiteleza, ingobyi ilianza kurudi nyuma, wanawake wakaidaka kwa vifua vyao. Dereva akasimama, akashuka, akaketi chini kwenye tope akasema, "Mimi siendeshi tena, nitamuua mtoto wa watu." Wakajaribu kumweka kwenye kiti cha nyuma. Hakuweza kukaa, na kiti kilikuwa kifupi asiweze kulala. Alipiga kelele moja tu, wakamtoa.

Basi wanawake wakambeba. Kwetu mwanamke hakuwa akiweka bega chini ya ingobyi, ilikuwa kazi ya wanaume, lakini vijana walikuwa vitani, baba alikuwa mjini, na wale wazee wawili hawakutosha. Mama yangu aliweka bega. Bibi, na uzee wake, aliweka bega mpaka wakamwondoa. Mvua, iliyokuwa manyunyu tu, ikaanza kunyesha kama imelipwa. Bibi aligeuka akaniona nimesimama natetemeka, akasema, "Wewe ingia garini, utaugua."

Nikaingia. Dereva, sasa akiwa hana mgonjwa, aliliendesha gari nyuma yao polepole, tupu, na mimi peke yangu nimekaa kwenye kiti cha bluu, dirishani, nikitazama migongo ya wanawake inavyopanda kilima. Nilikuwa mkavu. Njia nzima, mpaka misheni, nilikuwa mkavu. Nikifumba macho sasa hivi naona kioo kile na maji yanavyokitiririka. Wakati huo ningeweza kufungua mlango nikashuka nikalowa nao. Sikushuka.

Tulifika jua likielekea kuzama. Daktari aliokoa mama. Kwa mtoto tulikuwa tumechelewa, na baada ya pale mama jirani hakuweza kuzaa tena. Mumewe alirudi kutoka vitani akiwa mzima, na kanga mbili na redio begani, akakuta nyumba ilivyo. Hakumwacha, hilo alisifiwa nalo.

Mkutano uliitwa. Watu walitaka kujua ilikuwaje, ilipimwa na nani. Baba alisimama na kamba mkononi, akasema, "Tulipima. Hii hapa." Sauti yake haikuwa ya katibu. Bibi akaomba aletewe. Mimi nilikuwa nimekaa chini na watoto, karibu na mlango. Nilimwona akiipokea, akiivuta polepole kati ya vidole mpaka akafika kwenye fundo. Akalipapasa. Kisha akaliinua akalinusa.

Halikunuka chochote. Katani tu. Mimi nilijua, na sasa yeye alijua.

Ningesema nini kuhusu muda ule? Nilimsubiri aniite. Nilikuwa tayari, nakuapia, angetamka jina langu tu ningesema yote. Lakini hakunitazama hata mara moja. Alikunja kamba ndogo ndogo, akaiweka mapajani, akasema, "Macho yangu yamezeeka. Nilikosea kupima. Tafuteni mwingine wa kutunza ingobyi." Hakuna aliyembishia. Siku hiyohiyo ikapelekwa nyumba nyingine, dari la jiko letu likabaki na alama nyeupe mahali moshi ulipokuwa haufiki. Tangu hapo watu walipomsalimu bibi waliinama kama zamani, lakini hawakuja tena kumuuliza njia ipi ipitwe. Mtoto aliyekuwa akijaribu kukadiria kitu akakosea, wenzake walimtania kwamba amepima kipimo cha mama yake katibu. Nilimsikia mtu akisema hivyo mbele ya bibi mwenyewe, kisimani. Aliendelea kuchota maji.

Kamba aliichoma jikoni, nikiwepo, akichochea ugali. Aliendelea kunipa matobolwa, kunisuka nywele, kuniuliza kama nimekula. Tofauti ilikuwa moja tu. Uzi wa sindano akaanza kutungiwa na mdogo wangu, na mimi hakuniita tena mkono wake. Nilingoja miaka. Nilikwenda sekondari, nikarudi likizo, nikamletea sabuni ya kunukia, akanishukuru kwa jina langu la ubatizo. Alifariki nikiwa shuleni, nikafika kaburi limeshafunikwa. Aliondoka na kosa langu juu ya jina lake, na mimi nikamwacha aende nalo.

Mwanangu hajui haya yote, kwa hiyo pale Nyakanazi alinuna. Nilichukua kabini ndogo na bodi ndefu. Nilisema ni kwa ajili ya mihogo. Safari ya kwanza niliyoifanya nayo haikuwa ya mihogo, niliipeleka kijijini, kwa yule mama jirani.

Kijiji kile ungekiona usingekijua. Mstari wa nyumba umevunjika, kila mtu amejenga anakotaka, rimu imeuzwa kwa wanunuzi wa chuma, na shamba la kijiji limekuwa viwanja. Watoto hawajui ingobyi ni nini, nilimwuliza mmoja akadhani ni chakula. Wagonjwa siku hizi wanachukuliwa na bodaboda, wamebanwa katikati ya dereva na ndugu, na sijui kama hilo ni afadhali. Pikapu ya bluu ilioza nyuma ya ofisi, kuku wakataga kwenye kiti changu, mpaka nayo ikakatwa vipande. Waliombeba mama jirani siku ile wameisha, mmoja mmoja, na mama yangu miongoni mwao.

Yeye yupo, mjane, mvi kichwa kizima. Kicheko kimebaki kilekile. Alitoka akalizunguka gari, akapigapiga bodi kwa kiganja. "Gari refu hivi, mwanangu, na watu utawaweka wapi?" Nikamwomba apande nimpeleke kanisani, ilikuwa Jumapili. Akakaa pembeni yangu, pochi mapajani, na tulipoteremka kuelekea mtoni akatazama bodi kupitia kioo kidogo cha nyuma. Akasema taratibu, bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Marehemu bibi yako alikosea kidogo tu. Kidogo hivi. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema."

Nikavuka mto, nikasimamisha gari chini ya kile kilima cha siku ile. Nikasema, "Bibi hakukosea, mama. Fundo nilifunga mimi." Nikamweleza yote, kiti cha bluu, bafu la shangazi, wembe, nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa udereva. Nilipomaliza alishusha kioo. Alitazama nje dirishani, upande wa kilima. Maji ya mto yalisikika. Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Angekuwa na miaka mingapi sasa?"

"Arobaini na sita," nikasema. "Arobaini na saba mvua zijazo."

Nilijibu upesi mno, na hapo ndipo aliponigeukia akanitazama, kwa sababu alijua hesabu ile haikufanyika pale garini. Macho yake yalikuwa makavu. Halafu akafungua mlango akashuka, akaweka pochi kichwani, akaanza kupanda kilima kwa miguu. Nami nikazima gari, nikashuka, nikamfuata nyuma.